Dola ya kimataifa inapofika Kibaigwa

Julai 2020 Benki ya Dunia iliiondoa Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha chini na kuiingiza katika kundi la kipato cha kati, ngazi ya chini. Wastani wa pato la Mtanzania mmoja kwa mwaka 2019 ulikuwa dola 1,080, na kizingiti kilikuwa dola 1,036. Maneno “uchumi wa kati” yakatawala majukwaa ya mwaka ule wa uchaguzi. Lakini Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulikuwa umechora sura nyingine. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ilikuta kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, uliowekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Benki ya Dunia ikazichukua data za utafiti uleule, ikazipima kwa mstari wake wa dola 2.15 kwa siku, na kwa hesabu hiyo maskini wakawa karibu asilimia 45. Sehemu ya tofauti inatokana na namna ya kugawa: NBS humhesabu mtoto kama sehemu ya mtu mzima, Benki humhesabu kama kichwa kizima. Sehemu nyingine inatokana na mahali mstari ulipochorwa, na swali la jinsi shilingi inavyogeuzwa kuwa dola ndilo linalouamua mstari huo wa kimataifa. Swali hilo huachiwa wataalamu kwa sababu limejaa kanuni za kihisabati. Hoja ya makala haya ni kwamba kanuni ndiyo sehemu yake nyepesi. Kwa mtu wa Dodoma, na kwa yeyote wa nyanda za kati, kinachoamua ukweli wa jibu ni orodha ya bidhaa anayobeba mdadisi na soko analokwenda nayo.

Kuna njia mbili za kugeuza shilingi kuwa dola. Ya kwanza ni kutumia kiwango cha benki na maduka ya fedha, na hiyo ndiyo iliyotupandisha daraja mwaka 2020. Mbinu iitwayo Atlas huchukua wastani wa kiwango cha kubadilisha fedha kwa miaka mitatu, kisha huurekebisha kwa mfumuko wa bei. Kasoro yake inajulikana tangu zamani. Kiwango hicho huamuliwa na vitu vinavyovuka mipaka, yaani dhahabu, korosho, watalii wanaoingia, mafuta na mashine tunazoagiza. Kinyozi wa Area C, Dodoma, havuki mpaka. Fundi cherehani wa Chang'ombe, mwenye chumba cha kupangisha Nkuhungu na dereva wa bajaji nao hawauzwi nje, na bei zao huamuliwa na mishahara ya hapahapa. Kwa kuwa mishahara ya nchi maskini ni midogo, huduma zake huwa rahisi, na shilingi inayotumika nyumbani hununua zaidi ya inavyoonekana kwenye ubao wa duka la fedha. Bela Balassa na Paul Samuelson walieleza sababu za jambo hili mwaka 1964, kila mmoja kwa njia yake. Njia ya pili ndiyo hii ya kuuliza kikapu kilekile kinagharimu kiasi gani hapa na kule. Jina lake, ulinganifu wa uwezo wa kununua, lilianza kuzoeleka kwa maandishi ya Msweden Gustav Cassel mwaka 1918. Kwa mwaka 2011 njia hiyo iliipa dola moja thamani ya shilingi 520 hivi, wakati sokoni dola ilikuwa inapita shilingi 1,500. Ukitumia kipimo hiki badala ya kile, uchumi wetu unaongezeka karibu mara tatu bila mtu yeyote kulima ekari moja zaidi.

Mradi wa kupima bei za dunia nzima kwa namna hii ulianza mwaka 1968, Umoja wa Mataifa ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, chini ya Irving Kravis, Alan Heston na Robert Summers. Awamu ya kwanza, iliyolinganisha bei za mwaka 1970, ilikuwa na nchi kumi tu, na Afrika nzima iliwakilishwa na Kenya, ikikaa meza moja na Marekani, Japani, India na Hungaria. Leo mradi huo, uitwao Mpango wa Kimataifa wa Ulinganishi, unasimamiwa na Benki ya Dunia, na kwa bara letu mratibu ni Benki ya Maendeleo ya Afrika. Matokeo ya mzunguko wa 2021, yaliyotoka Mei 2024, yalihusisha nchi na maeneo 176. Kazi ya kukusanya bei hufanywa na ofisi za takwimu za kila nchi. Kwetu ni NBS, ambayo makao yake makuu yako Dodoma. Pato la Taifa hugawanywa katika vifungu vidogo 155, kuanzia mchele hadi huduma za hospitali, na ndani ya kila kifungu zimo bidhaa zilizoelezwa kwa makini: aina, ubora, uzito, kifungashio.

Tuitazame hesabu yenyewe kwa mfano wa kubuni, wenye vyakula viwili na sehemu mbili. Tuseme katika kijiji cha Chamwino kilo ya unga wa uwele ni shilingi 1,000 na ya mchele 3,000, na Dar es Salaam unga wa uwele ni 2,000 na mchele 2,500. Kaya ya kijijini hula kilo 40 za uwele na tano za mchele. Kaya ya mjini hula kilo mbili za uwele na 20 za mchele. Je, Dar es Salaam ni ghali kuliko Chamwino? Chukua kikapu cha kijijini: Chamwino kinagharimu shilingi 55,000, Dar es Salaam 92,500. Jiji ni ghali kwa asilimia 68. Sasa chukua kikapu cha mjini: Dar es Salaam kinagharimu shilingi 54,000, Chamwino 62,000. Jiji limegeuka kuwa rahisi, kwa asilimia 13. Hakuna kosa la kujumlisha hapo. Kila mtu hula kwa wingi kile ambacho kwake ni rahisi, kwa hiyo kikapu cha kila mtu hulionyesha soko la mwenzake kuwa ghali. Mwanauchumi Irving Fisher alipendekeza kuzidisha majibu hayo mawili na kuchukua kipeuo cha pili, na hapo tunapata kwamba jiji ni ghali kwa asilimia 21. Ni suluhu ya haki kwa pande zote mbili, ingawa inafaa kukumbuka kwamba hakuna kaya hata moja, ya mjini wala ya kijijini, inayoishi kwa hiyo asilimia 21.

Nchi zikiwa zaidi ya mbili, tatizo jipya linazuka. Ukilinganisha Tanzania na Kenya, kisha Kenya na Uganda, ukaunganisha majibu, hupati jibu lilelile unalolipata kwa kulinganisha Tanzania na Uganda moja kwa moja. Kwa kulikabili hilo wataalamu waligawanyika. Roy Geary wa Ireland mwaka 1958, na baadaye Salem Khamis, Mpalestina, walitengeneza mbinu inayotafuta bei moja ya wastani wa dunia kwa kila bidhaa, kisha kuthamini matumizi ya kila nchi kwa bei hizo. Uzuri wake ni kwamba mafungu hujumlika bila kuvunjika. Ubaya wake ni kwamba bei za wastani huvutwa na wenye matumizi makubwa, yaani matajiri. Ukimthamini kinyozi wa Area C kwa bei inayokaribia ya kinyozi wa Oslo, Dodoma inatajirika kwenye karatasi. Mbinu ya pili, inayobeba majina ya Gini, Éltető, Köves na Szulc, huzipitia njia zote zinazowezekana kati ya nchi mbili kupitia kila nchi ya tatu, na kuchukua wastani wake, kila nchi ikiwa na sauti sawa. Hii ndiyo iliyoshinda, na ndiyo inayotumika sasa. Nakubali ushindi huo ulikuwa wa haki, hasa kwa nchi maskini, ambazo mbinu ya Geary na Khamis ilizionyesha kuwa na nafuu kuliko hali halisi.

Kanuni yoyote kati ya hizo, hata hivyo, husaga kile tu ilichopewa. Matukio ya Desemba 2007 yalilionyesha hilo vizuri. Matokeo ya mzunguko wa 2005 yalipotoka, uchumi wa China ulipunguzwa kwa karibu asilimia 40, na idadi ya maskini wa dunia ilipohesabiwa upya mwaka uliofuata iliongezeka kwa watu wapatao milioni 400. Hakuna kiwanda kilichofungwa wala shamba lililokauka. Kilichobadilika ni kwamba China ilishiriki kikamilifu kwa mara ya kwanza, na bei zake zilikusanywa katika miji 11 na viunga vyake, ilhali Wachina walio wengi wakati huo waliishi vijijini. Angus Deaton, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alikuwa miongoni mwa walioonya kwamba bei za namna hiyo huifanya nchi ionekane ghali na watu wake waonekane maskini kuliko walivyo. Mzunguko wa 2011 ukarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Ugomvi wote huo ulihusu masoko yaliyotembelewa na bidhaa zilizoorodheshwa, na kanuni ilikuwa shahidi tu.

Sasa ilete orodha hiyo kwenye nyanda za kati. Dodoma na Singida ni nchi kavu, na mvua yake ya msimu mmoja haiaminiki. Mtama na uwele vimekuwa nguzo ya chakula cha Wagogo na majirani zao kwa sababu vinastahimili pale ambapo mahindi hunyauka. Mboga ni mlenda, mara nyingi uliokaushwa na kusagwa ili uvuke kiangazi. Bidhaa hizi zinafaa sana kueleza maisha ya Chamwino au Bahi na hazifai kulinganisha na nchi ambako si chakula cha kawaida. Ethiopia ina taabu hiyohiyo kwa nafaka yake ya teff. Orodha ya kimataifa basi hupendelea kile kinachopatikana kila mahali: mchele wa pakiti wa daraja fulani, tambi, maziwa ya kopo, mafuta ya kupikia ya chupa yenye nembo. Vitu hivyo vipo Dodoma, tena kwa wingi, kwenye maduka makubwa ya mjini. Lakini anayevinunua ni mtumishi aliyehamia, na mara nyingi hugharimu zaidi kwa kuwa ni vya wachache. Waandaaji wa mpango wanalijua tatizo. Bidhaa ambayo ni muhimu katika nchi hupewa uzito wa tatu na isiyo muhimu uzito wa moja, na mbinu aliyoianzisha Summers mwaka 1973 huwezesha kukadiria bei za bidhaa zinazokosekana katika nchi moja kwa kutumia zinazopatikana. Ni marekebisho ya akili. Lakini tatu kwa moja ni nambari ya makubaliano, na kwa kaya inayokula uwele siku nyingi za mwaka na tambi siku ya sikukuu, uwiano huo ni wa kuchekesha.

Kisha kuna vipimo. Maelezo ya bidhaa yanadai kilo na lita, na soko linauza kwa debe, sado, kopo na fungu. Pale Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye moja ya masoko makubwa ya nafaka nchini, suala la lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba hadi kamba zinagoma, limekuwa vita ya miaka mingi kati ya Wakala wa Vipimo na wafanyabiashara. Bei ya gunia inaweza kubaki ileile mwezi mzima huku gunia lenyewe likinenepa. Mdadisi mwenye mizani atalibaini hilo. Mdadisi mwenye fomu tu hatalibaini. Mlenda wa fungu ni hivyohivyo: wakati wa ukame bei ya fungu haipandi, fungu ndilo linalopungua. Na kuna chakula kisichopita sokoni kabisa, kile kinachotoka shambani kwenda ghalani na kutoka ghalani kwenda jikoni, ambacho takwimu hulazimika kukipa bei ya kukisia. Nyumba zina taabu zaidi. Kodi za Dodoma mjini zilipanda baada ya Serikali kuamua mwaka 2016 kuhamia kwa vitendo katika makao makuu yaliyotangazwa tangu 1973, na kodi hizo zinaweza kuulizwa na kuandikwa. Nyumba ya tembe kijijini haipangishwi na mtu. Hakuna soko la kuipa bei, na thamani yake huishia kukadiriwa.

Pingamizi la kwanza atakalolitoa mtaalamu ni kwamba tofauti za ndani ya nchi ni ndogo zikilinganishwa na tofauti kati ya nchi na nchi, na makosa madogo ya huku na kule hufutana. Kwa swali la ukubwa wa uchumi, pingamizi hili lina nguvu. Anayetaka kujua kama Pato la Taifa la Tanzania limezidi la nchi fulani hahitaji kujua bei ya uwele wa Mpwapwa. Lakini makosa hufutana pale tu yanapokwenda pande tofauti, na haya yana mwelekeo mmoja: orodha inaelemea vya mjini, mdadisi anaelemea penye barabara, na katika nchi nyingi maskini ni walewale walioachwa nje. Halafu ushahidi kwamba bei za ndani ya nchi hutofautiana tunaletewa kila mwezi na Serikali yenyewe. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, Ewura, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, na zinapanda kadiri unavyoondoka bandarini. Ikiwa bidhaa moja, ya ubora mmoja, inayodhibitiwa na mamlaka moja, haina bei moja nchini, hatuna sababu ya kudhani kwamba vitunguu, matofali na kodi za vyumba vinayo. Vingine huenda kinyume: nafaka na kuku wa kienyeji hupanda bei kuelekea pwani, saruji na sabuni hupanda kuelekea bara. Nambari moja ya taifa huificha mielekeo yote miwili kwa pamoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sidhani lina jibu kamili. Ukiiongezea orodha mtama, uwele na mlenda ili imwakilishe Mgogo, unaipunguzia uwezo wa kumlinganisha Mgogo na Mmisri. Uwakilishi na ulinganifu huvutana. Ukiongeza kimoja, kingine hupungua. Ila mvutano huo ni mkali kati ya nchi zilizo mbali, na hulegea kadiri majirani wanavyokaribiana. Mtama wa Dodoma una wenzake Kitui, Karamoja na Sudan, na Benki ya Maendeleo ya Afrika hupanga orodha ya Afrika peke yake kabla matokeo hayajaunganishwa na ya mabara mengine. Zaidi ya hapo, nafasi za nchi za Afrika zikishapangwa baina yao hazibadilishwi na kuunganishwa huko. Kwa hiyo bidhaa za ukame zinaweza kuongezwa kwenye orodha ya bara bila kuivuruga ya dunia. Ndani ya Tanzania mvutano unakaribia kwisha, kwa kuwa uwele unapatikana Dar es Salaam na mchele unapatikana Chamwino, kama kwenye mfano wetu, hata kama wanunuzi wake ni wachache. Ndiyo maana nasema mahali pa kuanzia ni nyumbani: tulinganishe mkoa na mkoa kwa mbinu zilezile zinazolinganisha nchi na nchi.

Atakayeuliza gharama aelezwe kwamba sehemu kubwa imeshalipwa. NBS hukusanya bei kila mwezi katika mikoa yote ya Tanzania Bara kwa ajili ya fahirisi ya bei za mlaji. Fahirisi hiyo imejengwa kujibu swali la wakati, yaani bei zimepanda kiasi gani tangu mwaka jana, na hailijibu swali la mahali. Mfumuko wa bei wa Singida ukiwa sawa na wa Dar es Salaam, hilo halisemi lolote kuhusu wapi maisha ni ghali. Tafiti za kaya nazo hukusanya kiasi na thamani ya chakula kijiji kwa kijiji, na hesabu ya umaskini tayari husawazisha bei za mijini na vijijini kabla ya kutoa asilimia. Kazi imefanyika nusu, ikaishia ndani ya viambatisho. Marekani ilianza kutoa rasmi ulinganifu wa bei wa majimbo yake mwaka 2014, na Vietnam, nchi ambayo miongo mitatu iliyopita haikuwa mbele yetu sana, hutoa fahirisi ya gharama za maisha kwa kila mkoa.

Linabaki pingamizi ambalo husemwa kwa sauti ya chini: nambari kama hizo zitaleta madai. Mwalimu wa daraja fulani hulipwa mshahara uleule akiwa Mpwapwa au Kinondoni, na kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kwa sekta, si kwa mkoa. Ikitangazwa kwamba shilingi ya mkoa mmoja hununua pungufu ya shilingi ya mwingine, vyama vya wafanyakazi vitaibeba takwimu hiyo siku ya Mei Mosi. Ni kweli. Lakini tofauti hiyo ipo leo, na mwalimu anaijua kila anapolipa kodi ya nyumba. Asiyeijua ni mpangaji wa bajeti. Na inaweza kutoka kinyume cha matarajio. Inawezekana kabisa hesabu ikaonyesha kwamba Dodoma mjini, pamoja na kodi zake mpya, bado ni rahisi kuliko Dar es Salaam kwa kikapu cha mtumishi, na papo hapo kijiji cha mbali cha Chemba ni ghali kwa kikapu cha mkulima anayenunua sabuni, dawa na bati. Hapo ndipo mifuko inayogawa fedha kwa kaya maskini ingepata cha kutazama kabla ya kupanga viwango.

Juni 2025 Benki ya Dunia iliubadilisha tena mstari wake, kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku, ikitumia bei za mwaka 2021. Mabadiliko hayo hayakutokana na bei peke yake. Nchi maskini zenyewe zilikuwa zimeboresha tafiti zao na kupandisha mistari yao ya kitaifa, na mstari wa kimataifa hutokana na hiyo ya kitaifa. Kwa maneno mengine, ubora wa kazi inayofanywa na ofisi kama ile ya Dodoma hurudi Washington na kuubadilisha mstari ambao baadaye hutumika kutupima. NBS inaweza kuanza na mambo machache kabla ya mzunguko ujao: kuwapa wadadisi mizani kwenye kila soko linalouza kwa debe na fungu, kuandika bei kwenye minada ya wiki ya Msalato na mingineyo, si kwenye maduka ya makao makuu ya mikoa tu, kupeleka mtama, uwele na mlenda mkavu kwenye mjadala wa orodha ya Afrika kwa kushirikiana na Kenya na Uganda, na kuchapisha, pamoja na mfumuko wa bei wa kila mwezi, jedwali moja kwa mwaka linaloonyesha shilingi 10,000 hununua kiasi gani katika kila mkoa, mjini na kijijini, likiambatana na vikapu vilivyotumika ili msomaji aweze kuvikagua mwenyewe.